Rosini ya Fidla, Selo na Besi: Ipi Ununue Kwanza

Fidla mpya ikigoma kutoa sauti, mara nyingi haina ubovu wowote. Nywele za upinde wake hazijapakwa rosini, kwa hiyo zinateleza tu juu ya nyuzi. Rosini ni utomvu wa msonobari uliochemshwa mpaka tapentaini ikatoka, kikabaki kipande kigumu, chepesi kuvunjika. Ukiipaka kwenye upinde, nywele zinaunasa uzi na kuuvuta, uzi unachomoka, kisha unanaswa tena. Uzi wa fidla unaotoa noti ya A hufanya hivyo mara 440 kwa sekunde moja.

Kabla ya kuuliza chapa, angalia ala yako. Nyuzi nyembamba za fidla zinataka rosini ngumu kiasi. Kadiri nyuzi zinavyonenepa, kuanzia viola, iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, hadi selo na kisha besi, ala kubwa kuliko zote, ndivyo rosini inavyotakiwa kuwa laini na yenye kunata zaidi. Hali ya hewa nayo ina usemi wake: kwenye joto na unyevu rosini laini hugeuka gundi, na kwenye baridi kavu ile ngumu hupoteza mshiko.

1. Rosini ya kahawia isiyokolea. Kwa fidla na viola naiweka juu ya zote. Inashika vya kutosha, haikwaruzi, na mwanafunzi anaweza kuitumia hadi akapanda jukwaani. Bernardel ya Ufaransa ni mfano mzuri. Anayekerwa na vumbi ajaribu Jade, ile ya kijani, inayotoa vumbi kidogo.

2. Rosini nyeusi. Hii ni laini zaidi, na kwa selo ndiyo ningeanza nayo. Melos ya Ugiriki hutengeneza ya rangi isiyokolea na nyeusi, na ina za fidla, za viola na za selo, hivyo soma kifuniko vizuri kabla ya kulipa.

3. Rosini isiyo ya msonobari. Wapo wanaopiga chafya, kuwashwa ngozi au kubanwa kifua kila wakipaka rosini ya kawaida. Kwa hao, hii inapanda moja kwa moja hadi namba moja. Clarity ya Super-Sensitive imetengenezwa kwa ajili yao.

4. Zenye chembe za madini. Dhahabu, fedha, shaba. Goldflex ya Pirastro ni rosini nzuri kweli, ila mimi ningeinunua kwa mshiko wake, si kwa dhahabu iliyomo. Ukiwa na bajeti ndogo, ruka kundi hili bila majuto.

5. Ile inayokuja bure ndani ya kasha la fidla ya bei nafuu. Kwa kawaida ni ngumu sana na vumbi lake ni jingi. Kama imewekwa ndani ya kijisanduku cha mbao, mpe mtoto mdogo, kwa sababu mbao huikinga isivunjike ikianguka.

Besi ina orodha yake yenyewe. Pops' ya Marekani inashika kuliko karibu zote, lakini ni laini mno: ukiilaza ubavu mahali penye joto, baada ya muda utaikuta imetiririka na kufuata umbo la chombo. Carlsson ya Sweden ni kavu zaidi. Kolstein huuzwa kwa viwango tofauti vya ulaini, na mpiga besi anayesafiri sana atafaidika na ile ya kati. Usijaribu rosini ya besi kwenye fidla. Sauti itakuwa nzito na yenye mikwaruzo.

Kipande kipya huwa kinang'aa na hakiachi kitu kwenye nywele. Kisugue kwa msasa laini mpaka uso ufifie. Kaza upinde, kisha uvute polepole kutoka kisigino, yaani upande unaoushika, hadi ncha, huku ukikigeuza kipande kisije kikachimbika mfereji katikati. Nywele mpya kabisa zinahitaji mivuto mingi ya mwanzo. Upinde unaotumika kila siku unatosheka na mitatu au minne. Upinde ukipiga mluzi na kuteleza, ongeza. Ukiona wingu jeupe linapanda kila unapovuta, umezidisha. Nywele usiziguse kwa vidole, mafuta ya ngozi huzifanya ziteleze.

Ukimaliza kupiga, legeza upinde na ufute nyuzi pamoja na mwili wa ala kwa kitambaa kikavu. Vumbi likiachwa hugandamana na vanishi hadi lisitoke tena kwa kitambaa. Na hapo ndipo wengi huleta spiriti: spiriti inakula vanishi, isikaribie kabisa mwili wa fidla.

Ukitaka kubadili aina, wakati mzuri ni pale upinde unapowekewa nywele mpya, maana mabaki ya rosini ya zamani hubaki muda mrefu na utakuwa unasikia zote mbili kwa pamoja.