Kopo la fundi au kenkayeri: vifaa vidogo vya fremu ya baiskeli

Fremu ikishapigwa rangi upya, kinachoiharibia sura ni vitu vidogo: matundu ya chupa yaliyo wazi, waya wa breki unaoning'inia, boliti zenye kutu. Hapa Lubumbashi utavitafuta kenkayeri, yaani duka la vifaa vya chuma na ujenzi, au kwa fundi wa barabarani, kwenye kopo lake la vipande vya zamani.

Kenkayeri ina boliti mpya, na kwa boliti siendi kwingine. Matundu ya chupa kwenye fremu nyingi huchukua boliti ya M5, yaani kipenyo cha milimita 5, na uzi (mikato ya kuzungushia) wenye nafasi ya milimita 0.8. Urefu wa milimita 10 unatosha kuyaziba ili mvua ya Januari isiingie ndani ya bomba. Omba inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu, na ubebe sumaku: ikinasa kwa nguvu, kuna uwezekano mkubwa umeuziwa chuma cha kawaida kilichong'arishwa. Ila ukiulizia vibanio vya waya wa breki, utapewa kamba za plastiki, ambazo jua la Septemba huzikausha mpaka zikatike.

Hapo kopo la fundi linashinda. Fremu za chuma za mtindo wa zamani, kama zile zinazobeba makala (mkaa), mara nyingi zina bomba la juu la milimita 25.4, na vibanio vya kromu vya zamani hulikaa sawasawa. "Baba fundi, nipatie tatu zenye kufanana," kisha chagua mwenyewe. Kwenye fremu ya alumini yenye bomba nene haviingii, vumilia plastiki.

Boliti zake ziache koponi. Uzi uliochakaa hula uzi wa fremu, na huo hauuzwi. Hata zile mpya, zipake grisi kwanza.