Kuuza mitambo ya muziki iliyotumika Mwanza: kwa fundi au kwa msikilizaji?

Ukimpelekea fundi redio amplifaya na spika zako, pesa unaipata siku hiyo hiyo, ila kwa bei ya spea: anatoa gharama za matengenezo, muda wa kukaa na mzigo, na faida yake. Kwa chombo kibovu hiyo ni bei ya haki. Mpe.

Kinachofanya kazi muuzie msikilizaji mwenyewe, hata ukisubiri wiki kadhaa. Pima spika kwa mita ya fundi (multimita) upande wa ohmu, yaani ukinzani wa umeme: ya ohmu 8 husoma kama 6, isiposoma kitu, koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) imekatika. Bonyeza sponji ya ukingoni. Ikimeguka, mwambie mteja mapema, maana besi itamwonyesha tu. Kitufe cha sauti kikikwaruza, chomoa umeme, pulizia dawa ya kusafishia swichi ndani yake, kizungushe mara 20 hivi, kiache kikauke. Tena soma bati la nyuma: amplifaya ya Japani ya volti 100 ikichomekwa kwenye 230 zetu, transfoma inaungua. Iuze pamoja na kifaa cha kushusha umeme.

Mteja akiwa Bukoba, kicheza santuri kifungwe mkono wa sindano kabla hakijapanda meli.