Uzoefu wangu: kozi ya ufundi wa injini za boti hapa Tanga

Nimesoma ufundi wa injini za boti katika chuo kimoja cha binafsi hapa Tanga mjini, na sasa kazi yangu iko pwani, Sahare na Deep Sea. Vijana wananiuliza kila mara kama ada ile inastahili kulipwa. Inastahili, lakini ujue mapema unanunua nini. Chuo kitakufundisha injini. Bahari hakitakufundisha, na wateja wetu wako baharini.

Nianze na waliyoyafanya vizuri, maana nayatumia kila siku. Mwalimu wetu hakuruhusu mtu kushika spana kabla hajaeleza petroli inaingilia wapi na moshi unatokea wapi. Tulifungua na kufunga mashine za tu-stroki, zile zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, mpaka mikono ikazoea. Tukafundishwa kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kwa geji, silinda moja baada ya nyingine, na kulinganisha, siyo kubahatisha kwa sikio. Hesabu ya mafuta ilirudiwa kila wiki: uwiano wa petroli 50 kwa oili 1 maana yake dumu la lita 20 linataka mililita 400 za oili, na mashine mpya iliyo kwenye kuzoeshwa kwa kawaida hutaka mara mbili ya hapo. Hapa pwani wengi bado wanakadiria kwa macho. Pistoni nyingi zilizokwama ninazoletewa zimeuawa na ukadiriaji huo, na kila moja ni pesa ya mvuvi iliyopotea bure.

Hata kwa thamostati, kifaa kinachozuia maji ya kupozea mpaka mashine ipate joto, nawashukuru. Mafundi wengi wanaing'oa na kuitupa wakiamini mashine itapoa vizuri zaidi. Chuoni tulielezwa kwa nini isiguswe kama ni nzima: mashine inayokwenda ikiwa baridi mno inakula mafuta na kuchafua plagi.

Sasa tatizo. Yote haya tuliyafanya kwenye karakana kavu, juu ya mashine zilizofunguliwa na wanafunzi miaka nenda rudi, boliti zinatoka kwa vidole. Hazikuwa na chembe ya chumvi.

Mashine ya kwanza niliyopewa Deep Sea ilitoka kwenye boti ya dagaa. Boliti za chuma zimekaa miaka ndani ya bodi ya aluminiamu, maji ya chumvi yamepenya katikati, kutu nyeupe imejaa kwenye nyuzi. Ukivuta spana kwa nguvu, kichwa kinakatika na shina linabaki ndani. Fundi mzee aliyekuwa pembeni akanisogelea. "Mwanangu, kwanza ikaze, ndipo uifungue." Akapasha moto bodi kuzunguka boliti kwa tochi ya gesi, akagonga kichwa kwa nyundo ndogo, akakaza kidogo tu mpaka ikalia, kisha akairudisha robo mzunguko, akakaza tena, akairudisha tena. Ikatoka nzima. Wakati wa kuifunga tena aliipaka grisi isiyoondolewa na maji, ili atakayeifungua baadaye asihangaike. Somo hili halimo kabisa katika yale tuliyofundishwa, na bila hilo huifikii hata pampu ya maji.

Na pampu yenyewe! Chuoni tulibadilisha impela, ile feni ndogo inayosukuma maji ya kupozea, mezani, tukapewa alama. Lakini mashine haikuwahi kuwashwa ndani ya tangi la maji, kwa hiyo hakuna aliyeuona ule mchirizi wa maji ya kupozea ukianza kudhoofika, ukatoka wa moto, halafu ukakatika. Huko ndiko kuugundua ugonjwa. Kuwasha mashine kavu nako haiwezekani, kwa sababu impela ni ya mpira na ikizunguka bila maji inaharibika upesi sana. Pipa kubwa la maji na gogo la kufungia mashine si gharama ya kukishinda chuo kinachotoza ada tuliyolipa. Vivyo hivyo oili ya gia: tulisoma kwamba ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yamepita kwenye sili, yaani mpira wa kuzuia maji. Kuiona kwa macho yangu nilisubiri mpaka nikafika pwani.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo, nayo ipangwe upya. Uvuvi wa dagaa kwa taa ni kazi ya usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, boti zinapumzika, na hapo ndipo mashine zinashushwa kwa matengenezo. Mwanafunzi akiwa pwani siku hizo atashika mashine nyingi kuliko muhula mzima darasani. Sisi tulipangiwa kwa kalenda ya ofisi, na wenzangu wengi wakaishia gereji za magari. Gari si boti. Gari likizima unashuka na kusukuma. Mashine ikizima kwenye mkondo wa Pemba na kusi linavuma, watu wako hatarini.

Fo-stroki zenye kompyuta, mashine zisizochanganyiwa oili kwenye petroli, kama zile za boti za watalii wanaokwenda kisiwa cha Maziwe kutoka Pangani, tuliziona kwenye picha.

Jambo moja wanaolipa ada hawaelezwi. Cheti hiki hakikufanyi injinia wa meli. Kwenye meli za safari za baharini zenye injini kuu ya kilowati 750 na zaidi, maofisa wa injini wanatakiwa kuwa na vyeti vinavyofuata mkataba wa kimataifa wa STCW wa 1978, unaohusu mafunzo na vyeti vya mabaharia, na kwa Tanzania Bara msimamizi ni TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Anayelenga huko aulizie Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI. Mashine ya nguvu za farasi 40 unayojifunzia hapa ni kama kilowati 30 tu. Kazi yake ni ya heshima na ina wateja, ila ni njia nyingine.

Natoa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za walimu. Ukienda kuulizia, usiishie dirishani kwa mhasibu. Omba uingizwe karakana, uone mashine ikiwashwa majini. Wakikwambia tangi litakuja muhula ujao, jiunge tu ikiwa tayari una fundi wa pwani atakayekupokea jioni na Jumamosi.