Uzoefu wangu na tela la mtumba la baiskeli: usilipe kabla hujapima magurudumu

Tela hili nimelinunua kwa muuza baiskeli za mtumba hapa Tanga, shilingi 180,000 baada ya kuvutana sana. Limetengenezwa la kubebea watoto: fremu ya alumini, turubai, magurudumu mawili ya inchi 20, na kibandiko kinachosema mwisho wake ni kilo 45. Mimi simbebi mtoto. Alfajiri nasambaza boflo kwenye maduka ya Ngamiani, nikirudi napakia kiroba cha unga cha kilo 25. Nalivuta kwa baiskeli ya Phoenix, ile ya kawaida ya inchi 28, na bamba la kufungia tela limekaa vizuri tu chini ya nati ya ekseli ya nyuma.

Muuzaji aliapa halina hata mkwaruzo, na kweli mkwaruzo halina.

Tatizo lilikuwa kulivuta. Tanga ni tambarare, hakuna mlima wa kusingizia, lakini hata likiwa tupu ukiacha kukanyaga pedali baiskeli inafifia mara moja, haiserereki. Halafu kuna ile sauti ya mpira kusuguana na lami, ambayo alfajiri, barabara ikiwa kimya, unaisikia toka mbali. Kilichonizindua zaidi ni tairi. Zilianza kulika upande wa ndani, zote mbili. Ukipitisha kiganja juu ya kashata, vile vinundu vya mpira vya tairi, kutoka ndani kwenda nje panateleza. Ukirudisha kiganja kutoka nje kwenda ndani, panakwaruza kama msasa. Tairi ikilika hivyo ujue haibingiriki sawasawa, inaburuzwa kwa ubavu.

Kila mtu mtaani ana jibu lake. Mmoja anakwambia upepo mdogo, mwingine beringi, mwingine spoku zimelegea. Yote yanaangalika bila gharama. Upepo ulikuwepo. Nilinyanyua upande mmoja nikazungusha gurudumu, likazunguka kimya na muda mrefu, kwa hiyo beringi nzima. (Zangu zimeandikwa 6001, tundu la milimita 12; zikifa siku moja nitaulizia duka la vipuri vya pikipiki kabla ya kuhangaika kwingine.) Nikashikilia njiti karibu na ringi huku linazunguka: ringi inayumba kidogo sana, si ya kunyima mtu usingizi.

Ikabaki kupima kama magurudumu yanaangalia upande mmoja. Unahitaji futikamba na chaki tu. Tia alama sehemu moja kwenye kila ringi. Sukuma tela mpaka alama zote ziwe mbele, usawa wa ekseli, pima kutoka ringi hadi ringi. Kisha lisukume mpaka alama zilezile zifike nyuma, upime tena. Ukipima kwa alama hizohizo, ringi inayoyumba haikudanganyi. Sakafu ya tela ikizuia futikamba, shuka kidogo chini ya ekseli, ila ushuke sawasawa mbele na nyuma.

Langu lilitoa sentimita 66.1 mbele na 65.0 nyuma. Milimita 11 zinaonekana ndogo, lakini ringi ya inchi 20 ina kipenyo cha karibu sentimita 40 tu. Piga hesabu: katika kila kilomita, matairi mawili kwa pamoja yanasuguliwa kwa ubavu kiasi cha mita 27. Hiyo nguvu inatoka kwenye mapaja yako, na mpira unabaki barabarani.

Kujua gurudumu lipi lina kosa, niliegemeza ubao ulionyooka kwenye kila moja nikalinganisha na bomba la fremu. La kulia liko sawa. La kushoto limefunguka mbele, na nilipovua turubai nikaona sababu: bomba la fremu limebonyea nyuma ya bamba la chuma linaloshika ekseli ya gurudumu hilo. Nadhani lililaliwa na mzigo huko kwenye kontena.

Fundi wa kwanza alitaka kulipiga nyundo lirudi. Nilimzuia, maana bomba la alumini ukilikunja tena kwenye mkunjo uleule hukawii kulipasua. Nikaenda kwa mzee mmoja anayechomelea mageti, akaligonga kwa kucha, akacheka. "Mwanangu, hii ni alumini. Huu moto wangu wa chuma utaitoboa tu. Tuinyooshe kwa washa."

Na ndivyo ilivyokuwa, kwa washa, kile kibati cha duara chenye tundu kinachokaa chini ya nati. Bamba la ekseli lina bolti za mbele na za nyuma, zimeachana milimita 60. Alilegeza zote, akaweka washa ya milimita moja na nusu kati ya bamba na bomba, kwenye bolti za nyuma peke yake. Nyuma ya gurudumu ikasogea nje, mbele ikaingia ndani. Hapo kwenye bamba ni unene wa kucha, ila ukifika kwenye ringi unakuwa karibu sentimita nzima. Aliweka bolti ndefu kidogo na nati zile zenye plastiki ndani ili zisijilegeze. Shilingi 12,000, kazi pamoja na vifaa. Tulipopima tena, tofauti ilikuwa milimita moja, na hata mbili au tatu nisingelalamika.

Sasa linafuata bila ubishi na ile sauti imekwisha. Tairi zilizolika nilizibadilisha baadaye. Ni saizi ya baiskeli za watoto, hazisumbui kupatikana. Jambo moja lisikutishe: mkono wa kuvutia unafungwa kushoto mwa gurudumu la nyuma, kwa hiyo tela kukaa pembeni kidogo ya baiskeli si ugonjwa.

Turubai bado linavuja kwenye mshono, siku za mvua nafunika boflo kwa nailoni. Rifleki halikuja nazo, nimebandika zangu. Kwa mikate, mboga au nguo nalipatia nyota nne, mradi muuzaji akuruhusu kupima kwanza. Akikataa futikamba, mwachie tela lake. Kwa saruji au nondo, achana na haya ya alumini, nenda kwa wachomeleaji wakuundie la mabomba ya chuma. Litakuwa zito, lakini likipinda kila mtaa una wa kulinyoosha.