Kisiwa Gani Thailand? Uliza Maji Yakipwa Kwanza, Ndipo Ulipie

Lalamiko ni lile lile kila msimu. Mtu amelipia chumba "mbele ya bahari", anafika saa sita mchana na taulo begani, bahari haipo. Kuna tope, mawe, kamba za mashua, na huko mbele kabisa mstari wa buluu. Picha ya hoteli haikudanganya. Ilipigwa maji yakiwa yamejaa. Cha ajabu, watu wa mwambao wenye maneno yao ya bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (siku yanapojaa na kupwa kidogo), wanaojua fukwe za Paje na Jambiani, Zanzibar, zinavyokuwa maji yakipwa, wakifungua ukurasa wa kuweka hoteli ya Thailand wanasahau kuuliza.

Kwa hiyo mpangilio huu wa visiwa, kuanzia bora, haujali nyota za hoteli wala kifungua kinywa. Swali ni moja: je, utaogelea saa yoyote ya mchana katika mwezi unaokwenda?

Jua kwanza kwamba Thailand ina bahari mbili. Magharibi ni Andaman, yenye Phuket, Phi Phi na Lanta. Huko maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti hukaribia mita 3. Haifikii ya Zanzibar, lakini pale penye mteremko mdogo inatosha kuiondoa bahari machoni. Mashariki ni Ghuba ya Thailand, yenye Samui, Phangan na Tao. Tofauti ya huko ni ndogo zaidi, ila ina hila yake: usawa wa bahari wenyewe hushuka katikati ya mwaka, na kati ya Mei na Septemba kupwa kwingi huangukia mchana. Yaani fukwe zenye kina kifupi hukauka miezi ile ile ambayo Ghuba ina jua na bei za Julai na Agosti zimepanda.

Pepo nazo zinapishana. Upepo wa kusini-magharibi huipiga Andaman kuanzia Mei hadi Oktoba. Wa kaskazini-mashariki huleta mvua kubwa Ghuba kuanzia Oktoba hadi Desemba, na Novemba ndiyo mbaya kuliko zote. Anayekuuzia Samui ya Novemba kwa "punguzo" hajakupunguzia kitu.

1. Koh Samui, pwani ya mashariki

Nafasi ya kwanza, bila kusita. Chaweng ya kati, Chaweng Noi na Lamai ya kati hadi kusini zina mchanga unaoshuka haraka. Hatua chache tu na maji yako kiunoni, yapwe yasipwe. Lakini soma ramani vizuri. Chaweng ya kaskazini, mbele ya kisiwa kidogo cha Koh Matlang, imezibwa na mwamba na ni kina cha goti. Lamai ya kaskazini ni hivyo hivyo. Pwani ya magharibi, Lipa Noi na Taling Ngam, inapendeza jua likizama na inachosha mchana. Hoteli za huko ni nzuri na ni ghali, na ndizo zinazotoa manung'uniko mengi.

Kufika kuna njia mbili. Ya ndege ni Bangkok Airways kutoka Suvarnabhumi, uwanja mkuu wa Bangkok, ule ule unaotua ukitoka Afrika au Ghuba ya Uarabuni. Uwanja wa Samui ni mali ya shirika hilo hilo, na bei inaonyesha: saa moja hewani inaweza kugharimu mara kadhaa ya tiketi ya kwenda Surat Thani. Njia ya pili ni kuruka hadi Surat Thani, mji wa bara, basi kama saa moja na nusu hadi gati la Donsak, kisha kivuko kama saa moja na nusu tena. Kati ya kampuni za vivuko, hapa chaguo ni Seatran, na upendeleo huu hauna haya. Ni kivuko kikubwa cha magari, kinatulia kwenye mawimbi kuliko boti za kasi, na kinashusha abiria Nathon, mjini, penye magari ya kukupeleka Chaweng. Raja ni imara pia, ila inashusha Lipa Noi, na ukiwa huna gari lililopangwa utajadiliana bei ukiwa mnyonge.

Usinunue ndege inayotua Surat Thani baada ya saa tisa alasiri. Mzigo ukichelewa tu, umekosa kivuko cha mwisho na unalala Donsak. Na ndege nyingi za bei rahisi huondokea Don Mueang, si Suvarnabhumi. Kuna basi la bure kati ya viwanja hivyo, lakini foleni za Bangkok hazina huruma. Acha saa tano kati ya ndege mbili.

2. Phuket, pwani ya magharibi, Desemba hadi Machi tu

Kata, Karon na Nai Harn zina kina cha kutosha wakati wote wa maji. Ndege za Qatar Airways na Emirates hutua Phuket moja kwa moja kutoka Doha na Dubai, hivyo anayetoka Dar, Nairobi au Muscat anaiepuka Bangkok kabisa. Ubaya ni miezi ya upepo wa kusini-magharibi: mikondo inayovuta kuelekea kilindini huua watu kila mwaka, na bendera nyekundu si pambo.

Rawai, Chalong na Cape Panwa ziko kisiwa hicho hicho, na maji yakipwa ni tope na mashua zilizolala ubavu. Ndizo mawakala wanazoziweka kwenye kifurushi kwa jina moja tu la "Phuket" bila kutaja ufukwe. Asiyekuandikia jina la ufukwe kwenye ankara, usimlipe.

3. Koh Lanta

Tulivu, na familia huipenda. Phra Ae, inayoitwa pia Long Beach, na ghuba ya Kantiang ni salama. Klong Khong ni mawe matupu maji yakipwa. Msimu wa mvua hoteli nyingi hufungwa.

4. Koh Phangan

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ban Tai, Ban Kai, Hin Kong na Sri Thanu, penye nyumba za kupanga zinazopendwa mitandaoni, hukauka vibaya katikati ya mwaka. Nenda Thong Nai Pan Noi au Yai, kaskazini-mashariki, au Haad Yao. Haad Rin ina pande mbili: ya mawio inaogeleka, ya machweo ni kina kifupi. Siku za sherehe ya mwezi mpevu, hoteli za Haad Rin hukulazimisha kulipia usiku kadhaa hata ukitaka mmoja.

5. Phi Phi na Koh Tao

Loh Dalum, ghuba ya kwenye kadi zote za posta, hukauka karibu yote. Maya Bay hufungwa Agosti na Septemba, na hata ikifunguliwa huruhusiwi kuogelea. Tao nenda kujifunza kuzamia. Bei ya kozi ni nafuu. Vibanda vya bei ya kutupa vipo visiwa vyote, na vingi viko kwenye fukwe zinazokauka. Ndiyo sababu ni rahisi.

Jinsi ya kukagua ufukwe kabla ya kulipa

Ziache picha za hoteli, fungua za wageni, na tafuta za mwezi wako. Kwenye picha za setilaiti angalia vitu vitatu: gati refu lililoenda mbali na nchi kavu, mikoko kwenye ncha za ufukwe, na rangi ya kahawia kati ya mchanga na buluu. Kimoja kinatosha kutia shaka. Kisha iandikie hoteli: "Maji yakipwa saa nane mchana, natembea mita ngapi hadi yafike kiunoni?" Jibu likiwa "tuna bwawa zuri", umeshajibiwa.

Bei nayo. Ukiona alama ++ mbele ya bei ya hoteli, kuna asilimia 10 ya huduma, kisha asilimia 7 ya kodi juu ya jumla hiyo. Chumba cha baht 3,000++ ni baht 3,531. Kwa usiku saba, tofauti ni baht 3,717, na muuzaji alikuwa anaijua tangu mwanzo.

Tangu Mei 1, 2025 kila mgeni anajaza kadi ya kidijitali ya kuingia, TDAC, ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti inayokudai dola kwa kadi hiyo si ya serikali. Ya serikali inaishia na go.th. Ukitoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Congo, beba pia cheti cha homa ya manjano, chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla. Ukitua Suvarnabhumi pita dawati la afya kwanza, kabla ya uhamiaji, la sivyo utasimama foleni mara mbili.