Fitonia yangu, na jibu la aliyeniuzia

Nianze na lile jibu, maana lilinichoma kuliko kufa kwa mmea wenyewe: "Dada, mmea ulikuwa mzima. Labda mkono wako ndio mbovu."

Mkono wangu!

Ni fitonia, ule mmea mfupi wa misitu ya mvua ya Peru na jirani zake, unaotambaa chini kivulini, majani yamechorwa vishipa vyeupe. Aliye nao anajua deko lake. Kiu ikiubana kidogo tu unajibwaga kama mtu aliyepokea habari za msiba. Unaupa maji, baada ya saa chache uko wima na hausemi kitu. Mara ya kwanza nilishtuka, baadaye nikawa nacheka.

Basi siku moja ukazimia, nikamwagilia, haukuinuka. Kesho yake nikaongeza maji. Hapo nimekosea, nakubali, lakini ningejuaje? Nikamtumia muuzaji picha. Akasema nauchoma jua. Jua gani, na mimi nimeuweka mbali na dirisha nikijua jua kali huyaunguza majani yake? Akageuza: basi unaukausha. Nikamwambia chungu kimejaa maji hadi kinanilemea. Ndipo likaja hilo la mkono.

Nikaung'oa kwa hasira. Chungu alichoniuzia nao, kizuri cha kung'aa, hakina tundu hata moja! Chini maji yamesimama, yananuka kama vesi iliyosahauliwa ikiwa bado na maua yake. Katikati ya mizizi kuna kijifuko cha wavu, kimebana udongo wa kitalu ulioloa chepechepe kama sponji. Nilivuta mzizi mmoja wa kahawia: ganda likabaki vidoleni kama utelezi, mkononi nikashika kijiuzi.

Kumbe mmea ulioozesha mizizi hulegea vilevile kama wenye kiu, kwa sababu hauna cha kunywea. Nami nikazidi kuunywesha. Muuza mimea halijui hilo? Au analijua?

Nilikuwa nimeapa kuandika "msinunue fitonia kabisa". Lakini kabla ya kuutupa nilikata ncha tatu zilizokuwa bado ngumu, kila moja chini kidogo ya kifundo, pale jani linapochipukia, nikazitia kwenye glasi ya maji bila matumaini. Kama wiki mbili hivi, vimizizi vyeupe! Sasa ziko kwenye chungu chenye matundu, udongo mwepesi, na moja imeshaanza kuvuka ukingo. Kwa hiyo mmea naupa nyota tano. Nne, kwa huo uigizaji wake. Muuzaji simpi hata kivuli cha nyota, ingawa, haya, zile ncha zilitoka kwake.

Leo asubuhi nimezikuta zimelala zote. Safari hii nimenyanyua chungu kwanza. Chepesi kama kikombe kitupu. Nimezipa maji, nikaenda zangu kuoga.