Nairobi Expressway, Mlolongo hadi Westlands: uzoefu wangu, na pale inapostahili ada yake

Ukilipia Nairobi Expressway, ile barabara ya ushuru ambayo mjini inapita juu ya nguzo, thamani ya pesa yako iko hasa kwenye kipande kimoja, kutoka Bellevue hadi Museum Hill. Huko chini, kwenye barabara ya zamani isiyolipiwa, kuna mzunguko wa Nyayo, wa Bunyala, wa Haile Selassie, wa Kenyatta Avenue na wa University Way, yote imefuatana, na asubuhi polisi wa trafiki ndio wanaoamua upande upi upite na upi usubiri. Juu unaivuka yote mitano bila kugusa breki. Sehemu nyingine za barabara ni nzuri pia, lakini ukipiga hesabu utakuta mara nyingi kuna njia ya bure inayokufikisha karibu wakati ule ule. Naitumia kwa gari dogo, asubuhi na jioni, na hivi ndivyo ninavyoamua lini nipande na lini nipite chini.

Kwanza ijue ilivyo. Ina urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi makutano ya James Gichuru huko Westlands, ikifuata katikati ya Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way. Ilijengwa na China Road and Bridge Corporation, inaendeshwa na kampuni ya Moja Expressway, na muda wa mkataba ukiisha inarudi mikononi mwa serikali. Magari yaliruhusiwa kwa majaribio tarehe 14 Mei 2022, na uzinduzi rasmi ukafanywa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 31 Julai mwaka huo. Upande wa Mlolongo inakwenda ardhini, sambamba na barabara ya zamani. Ikikaribia mjini inapanda juu ya nguzo. Ukifika hapo kwenye nguzo utasikia viungo vya daraja vikigonga chini ya tairi kwa mpigo mmoja usiobadilika. Leni nazo zinapungua, na yule aliyezoea kujinafasi tangu Mlolongo ghafla anajikuta ana jirani.

Tuje kwenye pesa. Tangu Januari 2024 gari dogo linalipa kati ya shilingi 170 na 500 kulingana na umbali. Kabla ya hapo ilikuwa 120 hadi 360, na sababu iliyotolewa ya kupandisha ilikuwa kuporomoka kwa shilingi mbele ya dola. Magari yamepangwa kwa madaraja, kwa kuangalia idadi ya ekseli na kimo cha gari, kwa hiyo van ndefu haihesabiwi sawa na Vitz. Lori la ekseli nne na zaidi linalipa mara tano ya gari dogo, yaani hadi shilingi 2,500 kwa safari nzima. Ndiyo maana matrela hayaonekani sana huko juu.

Shilingi 500 kwa kilomita 27 ni kama shilingi 18 na nusu kwa kilomita. Anayekaa Mlolongo na kufanya kazi Westlands, akienda na kurudi juu kwa siku 22 za kazi, anatoa shilingi 22,000 kwa mwezi kabla hajatia mafuta. Kwa watu wengi hiyo ni kodi ya nyumba. Mimi naona busara ni kulipa upande mmoja, ule unaokuuma zaidi. Asubuhi kuingia mjini ndiko kwenye shida, kwa sababu watu wote wanataka kufika saa moja hadi saa tatu. Jioni kutoka kumetawanyika zaidi. Ukiweza kusubiri hadi saa mbili usiku, njia ya chini inapitika bila kulipa chochote.

Kosa la kawaida la mgeni ni kudhani ukishaingia unaweza kutoka popote. Vituo vya ushuru ukitokea Mlolongo ni Mlolongo penyewe, Syokimau kwenye stesheni ya treni ya SGR, JKIA (uwanja wa ndege), Eastern Bypass, Southern Bypass, Capital Centre, Haile Selassie, Museum Hill, The Mall na Westlands. Lakini si kila kituo kinakuruhusu kuingia na kutoka kwa pande zote mbili, na ukipitiliza njia yako ya kutokea hakuna kugeuza: unakwenda hadi inayofuata, unalipa umbali ulioongezeka, halafu unarudi chini katikati ya ile foleni uliyoikimbia. Kwa hiyo amua kituo cha kutokea kabla ya kupanda. Anayekwenda South B, South C au Industrial Area atoke Capital Centre. Wa Upper Hill na katikati ya jiji, Haile Selassie. Museum Hill inafaa Ngara, Parklands na yeyote anayetafuta Thika Road. The Mall ni ya Westlands yenyewe, na kituo cha mwisho ni cha Lavington, Kangemi na wanaoendelea na Waiyaki Way kuelekea Uthiru, Kikuyu na Limuru.

Kwa anayetoka mbali hesabu inabadilika kabisa, na hapa ndipo naona pesa nyingi zikipotea. Umetoka Mombasa, Machakos au Kitengela na safari yako ni Naivasha au Nakuru? Huna haja ya kuuona mji. Shika Southern Bypass, barabara ya kuuzunguka mji, pale karibu na hoteli ya Ole Sereni. Ni takriban kilomita 30 za bure, inapita ubavuni mwa Mbuga ya Nairobi, inagusa Lang'ata na Ngong Road na kukutoa Gitaru, mbele ya Kikuyu, ukiwa tayari uko kwenye barabara ya Nakuru. Ukipita Expressway hadi mwisho utalipa 500, kisha Kangemi, Uthiru na Kinoo vikusubiri. Anayekwenda Thika, Murang'a au Nyeri naye aingie Eastern Bypass pale Cabanas, apite Utawala na Ruai, atokee Ruiru. Ina foleni zake, hasa jioni, ila haikulipishi. Kama unataka kutumia Expressway kidogo tu, kipande cha Mlolongo hadi bypass hizo kina maana asubuhi pale Mombasa Road inapokuwa imesimama. Kupanda Mlolongo na kushuka Syokimau, hapana. Hiyo 170 kanywe chai.

Malipo yako ya namna tatu: taslimu, kadi ya kujaza pesa, na kifaa cha kielektroniki kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele, watu wanakiita ETC. Anayelipa taslimu anapewa kadi ya safari wakati wa kuingia na analipa anapotoka. Hiyo kadi ndiyo inayoonyesha uliingilia wapi, kwa hiyo iweke mahali mkono unafika, si chini ya kiti na si mfukoni mwa suruali uliyoikalia na mkanda juu. Na kwa kuwa malipo yanafanyika mwishoni, foleni ya Expressway iko kwenye mlango wa kutokea. Unaweza kuruka kutoka JKIA hadi mjini kwa dakika chache, kisha ukakaa kwenye ramp, yaani njia ya kupandia au kushukia, ukingoja mtu wa mbele atafutiwe chenji ya elfu moja. Beba noti ndogo, kiasi kamili kama unaweza. Simu ni ya kujaza akaunti kabla ya safari. Usiende nayo dirishani ukitegemea kwamba mtandao utakuwa na huruma.

Kwa anayepita kila siku, ETC ndiyo inayolipa. Lango linasoma kifaa, kizuizi kinainuka, unapita bila kufungua dirisha. Kikikataa, mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi. Salio limepungua chini ya ada ya safari: jaza usiku, si ukiwa kwenye ramp. Kifaa kimewekwa kwenye dashibodi au mfukoni mwa mlango badala ya kubandikwa juu ya kioo, nyuma ya kioo cha kuangalia nyuma. Kioo kina tinti yenye chembe za metali, ambayo inazuia mawimbi. Hapo tafuta sehemu ya kioo isiyo na tinti hiyo. Au dereva amebanana sana na gari la mbele, lango likashindwa kutofautisha magari mawili. Acha nafasi ya urefu wa gari zima na upunguze mwendo kabisa. Usihamishe kifaa kutoka gari moja hadi jingine, kwani kimesajiliwa kwa nambari na daraja la gari lako. Na usiingie leni ya ETC kwa kubahatisha. Kurudi nyuma pale kuna honi za Nairobi nzima nyuma yako.

Kikomo cha mwendo ni kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo, mwisho hadi mwisho ni kama dakika 20, na kukimbiza hadi 110 kunakuokolea dakika tano ambazo utazirudisha kwenye foleni ya kulipa. Hatari kubwa iko pale barabara inapoishia kwenye vibanda vya kulipia: umekuwa kwenye 80 au zaidi kwa dakika kadhaa, jicho limezoea, na ghafla kuna magari yaliyosimama. Wiki za mwanzo mwaka 2022 gari lililokuja kwa kasi liligonga mengine kwenye kituo cha Mlolongo. Usiku hasa, anza kupunguza mara tu uonapo ubao wa kwanza wa kituo, si unapoona taa za breki.

Kwenye sehemu ya juu hakuna pa kusimama. Bodaboda, tuktuk, baiskeli na waendao kwa miguu hawaruhusiwi. Hakuna petroli njiani, kwa hiyo taa ya mafuta ikiwa imewaka, jaza Mlolongo au Syokimau kabla ya kupanda. Angalia pia maji ya rejeta na upepo wa tairi, pamoja na la akiba. Gari likikuzimikia, sogea kushoto kadiri inavyowezekana, washa taa zote za tahadhari, weka pembetatu nyuma kwa umbali wa kutosha, toa abiria upande wa ukuta, kisha piga simu ya msaada. Nambari utaiona kwenye mabango ya barabarani, na ni vyema kuihifadhi mapema. Kubadilisha tairi la upande wa kulia huku magari yakipita kwa 80 karibu na kiwiko chako si jambo la kujaribu.

Mvua ikinyesha napunguza hadi 60 kwenye daraja. Maji ya magari ya mbele yanaruka kama ukungu, na upepo wa ubavuni unasikika kwenye gari refu. Hata hivyo siku za mvua ndizo ninazolipa bila kulalamika, maana Mombasa Road ikipata maji, msongamano wake hauna saa.

Kwa wa uwanja wa ndege: kutoka Westlands hadi JKIA jioni, panda, usifikirie mara mbili. Lakini kumbuka Expressway haikuvushi ukaguzi wa usalama kwenye lango la uwanja. Huo muda uuhesabu kando. Ukitumia teksi ya programu, kubaliana mapema nani analipa ada. Kwa kawaida ni abiria, na bei uliyoiona kwenye simu huenda haijaiingiza. Wa SGR nao wanashuka Syokimau, mlangoni mwa stesheni kabisa, ila mizigo inakaguliwa na mbwa kabla ya kuingia, kwa hiyo fika saa nzima kabla ya treni kuondoka, na kitambulisho mkononi.

Msio na gari hamjaachwa nje. Baadhi ya matatu za Kitengela, Athi River, Mlolongo na Syokimau hupita juu, na nauli huongezeka. Muulize kondakta kabla hujakaa: "Hii ni ya juu ama ya chini?" Swali hilo si la nauli tu. Gari likishapanda, halina stage ya Cabanas, Imara, GM, Bellevue wala Nyayo. Unayeshuka katikati utapelekwa mjini na kulazimika kurudi kwa nauli nyingine. Na wapo wanaotangaza "Express" asubuhi, kisha wakiona chini kumefunguka wanapita chini na nauli ile ile ya juu. Lipa gari likishaingia kwenye ramp.